Mbwa wa kwenye mahindi: kwa nini mbwa mwoga hapati mwenyewe

Mzee alifika asubuhi moja ya Juni, katika ile baridi ya Uyole, Mbeya, inayomfanya mtu azungumze mikono ikiwa kwapani. Koti refu, buti za mvua, fimbo ya kutembelea. Baada ya shikamoo, habari za nyumbani na habari za mahindi, akaeleza shida yake: anataka mbwa, mpole mchana, mkali usiku, na asiyegusa kuku. Tukampitisha kwenye mabanda. Mbwa sita wakarukia wavu wakibweka kana kwamba wamemwona mwizi na mjomba kwa wakati mmoja. Wa saba, jike la kahawia lenye kifua cheupe, alikuwa amelala kona ya mwisho, uso ukutani. Mzee akasimama hapo.

"Huyu ndiye," akasema. "Ana adabu. Hana makelele."

Jina lake Sijali. Aliyempa jina hilo alikuwa na utani, maana sijapata kuona mbwa anayejali kila kitu kama yule. Adabu hakuwa nayo. Alikuwa ameganda. Ungechuchumaa ungeona misuli ya mapaja inatetemeka, masikio yamelazwa hadi yakashikana na shingo, mate yanadondoka sakafuni, na ugali wa jana usiku uko vilevile kwenye karai, umekauka juu. Mzee aliona utulivu. Mimi nilimwona mnyama aliyekosa pa kukimbilia, akaamua kutokuwepo.

Nasaidia kwenye kituo kidogo cha kutunza mbwa. Nikisema kituo usifikirie jengo. Ni uwanja wa nyuma wa nyumba ya mama mmoja, mabanda ya matofali ya kuchoma, wavu na bati. Huku Nyanda za Juu Kusini mtu hapati mbwa kwa njia hiyo. Mbwa hutoka kwa jirani: jike limezaa, unachagua mtoto, unamtia kwenye mfuko, unaondoka naye. Kumchukua mbwa mzima, tena kwa watu usiowajua, bado ni jambo geni, na wanaokuja tunawashukuru. Lakini hata hao wanapokuja, kuna mbwa wanaondoka baada ya wiki na kuna wanaobaki mwaka. Wanaobaki karibu wote ni waoga. Maelezo rahisi ni kwamba watu hawana huruma, na mimi siyakubali. Yule mzee alikuwa na huruma tele, tena alimchagua mwoga kabla ya wote. Kilichomshinda ni kutambua anachokitazama.

Hofu ya mbwa ina sura zaidi ya moja, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia. Inayojulikana na kila mtu ni ile ya kukimbia: mkia tumboni, mgongo umepinda, mbwa anaingia chini ya gari. Hiyo haimdanganyi mtu. Ya pili ni kuganda kama Sijali, na hiyo huitwa upole. Ya tatu ni kushambulia, nayo huitwa ukali, na huku kwetu ukali ni sifa.

Hiyo ya tatu ndiyo inayonitisha. Tuliwahi kuwa na dume jeusi lililokuwa likirukia wavu meno nje kila mgeni alipopita, na vijana wawili kwa nyakati tofauti walilitaka kwa ajili ya ulinzi. Ukilitazama vizuri, uzito wake wote ulikuwa kwenye miguu ya nyuma, tayari kurudi. Lilikuja mbele pale tu mtu alipogeuza mgongo. Mbwa mlinzi wa kweli, anayejiamini, hubweka mgeni akifika, kisha akisikia mwenyewe anasalimiana naye hunyamaza na kwenda kulala. Mwoga hana mahali pa kuishia. Anabweka hodi, anabweka chai, anabweka kwaheri, na siku mtoto wa jirani akiingia kufuata mpira hatamuuliza amefuata nini.

Kabla ya kufika huko kuna lugha ndogondogo ambayo wengi wetu hatukufundishwa kuisoma. Mbwa anayepiga miayo wakati hana usingizi. Anayelamba pua wakati hakuna chakula. Anayegeuza uso pembeni huku jicho limebaki kwako, weupe wake unaonekana kama mwezi mwembamba. Anayeinua mguu mmoja wa mbele na kuusahau hewani. Zote hizo ni njia za kusema: naomba usogee. Asiposikilizwa ananguruma. Na hapo watu wengi hufanya kosa kubwa kuliko yote: wanampiga kwa kunguruma. Mbwa anajifunza, kweli, maana mbwa hujifunza haraka. Anajifunza kutonguruma. Hofu inabaki palepale ilipokuwa, na kinachofuata ni jino lisilo na taarifa. Baadaye utasikia, "Alikuwa mzuri tu, akaning'ata ghafla."

Swali ambalo kila mgeni huuliza kuhusu Sijali ni moja: alipigwa na nani? Watu wanataka hadithi yenye mkosaji. Ukweli ni kwamba hakupigwa na mtu. Shida yake ilikuwa mahindi.

Mvua zetu huanza Novemba, na kufikia Desemba wengi wamepanda. Februari mahindi yamempita mtu kimo, palizi imekwisha, na hakuna anayeingia shambani bila sababu. Kwa jike asiye na mwenyewe hapo ndipo hospitali ya wazazi: pakavu chini ya kichuguu, pa siri, panya wa kutosha. Watoto huzaliwa vipofu na viziwi. Macho hufunguka wakikaribia wiki mbili, masikio yakafuata, na kuanzia kama wiki ya tatu dirisha moja hufunguka kichwani mwao. Katika dirisha hilo kila wanachokutana nacho bila madhara kinaandikwa kuwa cha kawaida: sauti ya mwanadamu, harufu ya moshi wa jikoni, redio, mtoto anayelia, bodaboda. Dirisha hilo huanza kufungwa kwenye wiki ya 12 hadi 14. Kisichoandikwa humo, baadaye huingia kama kitu cha kutilia shaka.

Sasa piga hesabu. Mtoto aliyezaliwa Februari anatimiza wiki 14 Mei. Watu wanaingia shambani kuvuna Juni, na mapanga, na magunia, na watoto wanaopiga mayowe "mbwa! mbwa!" Dirisha lilishafungwa mahindi yakiwa bado yamesimama. Sijali alipatikana hivyohivyo, kwenye mavuno ya mwaka mmoja kabla ya mzee kuja, upande wa Inyala, yeye na wenzake watatu. Walikuwa wamenona, hawana kovu, hawajawahi kumwona mtu kwa karibu. Wenzake walikimbia. Yeye aliganda, ndiyo maana alishikwa.

Jambo hili liliwahi kujaribiwa mbali sana na Inyala. Mwaka 1961, Daniel Freedman na wenzake, John King na Orville Elliot, walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika Bar Harbor, jimbo la Maine, Marekani. Watoto wa mbwa walilelewa na mama zao kwenye uwanja wenye uzio mrefu bila kuguswa na watu. Wengine walitolewa kwa wiki moja tu ya kuzoeana na binadamu, kila kundi katika umri wake: wiki ya 2, ya 3, ya 5, ya 7, ya 9. Wengine hawakutolewa hadi wiki ya 14. Wiki hiyo moja ilitosha kuwafanya wa umri wa kati kuwa mbwa wa watu. Wale wa wiki ya 14 walibaki kama wanyama wa porini, na kuwazoesha baada ya hapo ilikuwa kazi ngumu mno. Hawakuonewa na yeyote. Walikosa tu kuonana na watu kwa wakati wake.

Wapo pia waliotendwa, sikatai. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mbwa hushtuka kwa ung'ongo mpana kuliko wetu: aliyepigwa na mwanamume mmoja mwenye buti za mvua ataogopa wanaume, ataogopa buti, na masika nzima itakuwa adui yake. Na wapo waliozaliwa nayo. Chuo Kikuu cha Arkansas kiliwahi kuzalisha ukoo mzima wa mbwa wa kuwinda wenye woga uliopita kiasi, kizazi baada ya kizazi, ili kuuchunguza. Kwa hiyo ukikutana na mbwa mwoga hujui kama mbele yako kuna kumbukumbu, pengo, au damu. Mara nyingi ni mchanganyiko. Kwa anayetaka kumsaidia, kujua chanzo kunasaidia kidogo kuliko tunavyodhani. Kinachohesabika ni leo anaogopa nini, na kwa umbali gani.

Halafu unamchukua mnyama wa namna hiyo, unamleta kituoni.

Ungemwuliza Sijali, angekwambia kituo ndiyo sehemu mbaya kuliko zote. Sakafu ya saruji inayorudisha mwangwi, mbwa sita wanaobweka kwa kupokezana, watu wapya kila Jumamosi, na pale Uyole njia panda ya Tukuyu malori yakifunga breki za upepo mchana na usiku. Michael Hennessy na wenzake, huko Ohio, walipima damu ya mbwa wa kituo kimoja na kuchapisha matokeo 1997: katika siku tatu za kwanza kiwango cha kotisoli, ile homoni ya msongo, kilikuwa karibu mara tatu ya kile cha mbwa wanaoishi majumbani. Hao walikuwa mbwa wa kawaida, achilia mbali waoga.

Kwa hiyo mbwa unayemwona bandani si yule utakayekuwa naye nyumbani miezi mitatu baadaye. Huenda yule mchangamfu wa kituoni akafika nyumbani na kugundulika ni mwizi wa mayai, na yule aliyejibana kona akafunguka. Lakini mchukuaji anachagua kwa dakika kumi, tena mbwa akiwa katika hali yake mbaya kuliko zote. Kituo kinamzidishia hofu, hofu inamkosesha nyumba, na kukosa nyumba kunamrudisha kituoni. Sisi wenyewe tulikuwa sehemu ya mzunguko huo. Kwa mwaka mzima tulimwekea Sijali chakula na kuondoka haraka, tukidhani kumwacha atulie ndiyo huruma. Hakutulia. Alizoea kutuona tukiondoka, basi.

Tukirudi kwa mzee na wenzake: wanataka mbwa wa nini? Ulinzi. Kuku wanaibwa, mbuzi wanaibwa, vyuma vya plau vinaibwa. Na namna ya kawaida ya kumfuga mlinzi huku kwetu ni mnyororo mchana, kufunguliwa usiku. Kwa mbwa anayejiamini ni maisha magumu. Kwa mwoga ni hatari kwa kila anayepita. Mbwa mwenye hofu kwanza hutaka kuondoka. Ukimfunga umemwondolea njia hiyo, na kati ya zile sura tatu zimebaki mbili. Mchana kutwa watu wanapita ndani ya urefu wa mnyororo wake au karibu nao, watoto wanamrushia maganda ya miwa kuona atafanyaje. Siku moja kuganda kunakwisha.

Na jino la mbwa hapa si jeraha la kupaka majivu. Kichaa cha mbwa kipo, na kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutoka kwa mbwa. Dalili zikishaanza hakuna tiba. Aliyeng'atwa anatakiwa kuosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, aende hospitali siku hiyohiyo, achomwe sindano kwa siku tofauti, na mbwa akionekana mzima afungiwe na kuangaliwa kwa siku 10. Mbwa wetu wote huchanjwa kabla ya kutoka, na cheti tunampa mwenye kumchukua, lakini baba wa mtoto aliyeng'atwa hasomi cheti kwanza. Atachukua jembe. Katika miji mbalimbali ya nchi hii mbwa wazururaji wamewahi kuuawa kwa risasi na kwa sumu, na mbwa anayekimbia watu bila kola hana tofauti na mzururaji machoni pa mtu yeyote. Tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, lakini hofu si kitu cha kupeleka polisi.

Kuna jambo jingine dogo ambalo limetuharibia kazi zaidi ya mara moja: usafiri. Mtu anakuja kwa bodaboda, na njia anayoijua ya kusafirisha mbwa ni kiroba. Kichwa nje, mdomo wa kiroba umefungwa kwa kamba shingoni, mbwa mapajani kati ya dereva na abiria, Uyole hadi Igawilo au mbali zaidi. Nimemwona mbwa aliyekuwa ameanza kula mkononi akifika safari hiyo amejisaidia, macho yamegeuka, na alipofunguliwa alipita katikati ya michongoma kana kwamba ni moshi. Hakuonekana tena. Mbwa mwoga akitoroka haji ukimwita. Sauti yako ni sehemu ya anachokikimbia. Siku hizi hatumtoi mbwa kama huyo bila gari, sanduku lililofunikwa kwa shuka, kola pamoja na mkanda wa kifuani, na chumba au banda lenye mlango nyumbani anakokwenda. Watu hutucheka. Shuka la mbwa!

Nini kinafanya kazi, basi? Hapa sina budi kusema nilivyomkalia Sijali, maana maelezo ya jumla nayo hudanganya.

Baada ya mzee kuondoka tulianza upya. Siku ya kwanza niliingia bandani na kigoda, nikakaa mlangoni, ubavu kwake, macho kwenye simu. Simu ilikuwa imezimwa. Ilikuwa kisingizio tu cha kutomtazama, kwa sababu kumkazia macho mbwa wa namna ile ni kama kumshika kola. Mfukoni nilikuwa na usipa wa kukaanga kutoka Kyela, wale samaki wadogo wanaonuka hadi jirani analalamika. Nikawa natupa mmoja mmoja, si kuelekea kwangu bali nyuma yake, kwenye kona. Hilo ndilo watu hawaelewi. Ukimvuta kwa chakula aje kwako unamweka njia panda, tumbo linasema nenda, moyo unasema usiende, na akifika akishtuka amejifunza kuwa chakula ni mtego. Ukitupa nyuma yake anakula akiwa mbali nawe, na uwepo wako unaanza kumaanisha usipa. Dakika kumi, nikatoka. Usipa ulibaki sakafuni. Aliula nilipokwisha kuondoka.

Siku ya sita alikula mmoja nikiwa ndani. Nilisikia meno kabla sijaona. Siku ya kumi na moja nilikohoa, akarudi nyuma siku nne nzima. Kikohozi kimoja! Siku ya kumi na tisa alisimama, akanyoosha shingo kama twiga, akanusa kisigino cha raba yangu, akarudi kona. Sikumgusa. Mwenye kituo alikuwa amesimama nje ya wavu na ndoo mkononi, na alisahau kuitua.

Kinachofanyika hapo wataalamu wameshakieleza: unakileta kinachotisha kwa kiwango kidogo ambacho mbwa anakimudu, unakifungamanisha na kitu kizuri, unaongeza polepole, na akishindwa unarudi hatua moja. Kinyume chake ni kumzamisha: kumshika kwa nguvu, kumkumbatia, kumpitisha sokoni Mwanjelwa Jumamosi "ili azoee." Atanyamaza, ndiyo, lakini ni ule unyamavu wa Sijali wa mwanzo. Na wale wanaosema usimbembeleze mbwa mwoga kwa sababu utamlea hofu, wanachanganya hofu na deko. Mbwa akija mwenyewe kujibanza miguuni pako radi ikipiga, mwache ajibanze. Hakuna anayejifunza kuogopa radi kwa sababu alifarijiwa.

Marekani, shirika la kutetea wanyama la ASPCA lilianza mwaka 2013 mradi wa majaribio huko New Jersey kwa ajili ya mbwa waoga kupindukia, wengi wao kutoka kwenye mazizi ya kuzalisha mbwa wa biashara na nyumba zilizorundika wanyama, na mwaka 2018 likafungua kituo cha kudumu Weaverville, North Carolina. Katika ripoti yao ya 2022 iliyohusu mbwa zaidi ya 400, zaidi ya wanane katika kila kumi walifikia hatua ya kuweza kutolewa, na karibu wote waliofikia hapo walipata nyumba. Wao wana wafanyakazi waliosomea kazi hiyo, vyumba vinavyofanana na sebule, na dawa za kupunguza wasiwasi pale mganga wa mifugo anapoona zinafaa. (Dawa za namna hiyo za binadamu usizikisie nyumbani; waganga wengi huku kwetu wamezoea ng'ombe na kuku, lakini uliza hata hivyo.) Sisi tuna usipa na kigoda. Ila walichokifanya wao kwa kiasi kikubwa ni kilekile: muda mfupi, kila siku, kwa utaratibu usiobadilika. Na walimtumia sana msaidizi ambaye hata sisi tunaye bure, yaani mbwa mwingine.

Huyo msaidizi mimi namweka mbele ya mbinu zote. Mbwa aliyekulia kwenye mahindi haogopi mbwa. Alilelewa na mbwa. Akimwona mwenzake mtulivu anamfuata mtu, analamba mkono, analala kizingitini, anasoma humo kitu ambacho mtu mwenye mfuko wa usipa angemfundisha kwa miezi. Tulipomweka Sijali banda moja na dume zee liitwalo Bobi, alianza kula usiku uleule. Kwa hiyo siku hizi mtu akija kumtaka mbwa mwoga, swali letu la kwanza si kama anapenda mbwa. Wote husema wanapenda. Tunauliza kama tayari ana mbwa nyumbani, na yukoje.

Maswali mengine hukera: uzio ni wa nini, watoto wangapi na wa umri gani, nani anashinda nyumbani, mchana mbwa atakaa wapi. Kisha tunasema ubaya wote. Huyu hatakulinda. Huenda asikuguse kwa miezi. Fataki za mwaka mpya zikianza mfungie ndani tangu jioni. Wengi huondoka hapo, na mwanzoni tuliona tunawafukuza wateja. Lakini mbwa anayerudishwa huwa mgumu kuliko alivyotoka, na mtu aliyerudisha hatakuja tena, wala shemeji yake. Afadhali aondoke leo akinung'unika.

Lililobaki ni gumu zaidi kulisema. Banda moja likikaliwa na mbwa mmoja mwoga kwa mwaka, kuna watoto wachangamfu waliokosa nafasi humo na kuishia barabarani. Mama mwenye kituo hulifikiria jambo hilo usiku, ameniambia. Na wapo ambao hawafunguki. Lile dume jeusi la wavuni halikufunguka. Tulijaribu miezi minane, likamng'ata mtu aliyekuwa akilibadilishia maji, na mganga wa mifugo akalipumzisha kwa sindano, likiwa limelazwa juu ya gunia lake, mama akiwa amelishika kichwa, mara ya kwanza na ya mwisho. Kuna watu wanasema hilo ni kushindwa, na wengine wanasema tulichelewa, tulirefusha mateso yake kwa sababu ya kujisikia vizuri sisi. Mimi nawasikiliza wa pili zaidi.

Mzee wa Juni tulimnyima Sijali. Alikasirika. "Mwanangu, yaani mnaninyima mbwa wa bure?" Baadaye tukampa Bobi badala yake, dume zee linalobweka mara mbili na kunyamaza, aliondoka naye bila furaha sana, na Sijali akasusa chakula siku tatu. Ndipo tulipoliona lililokuwa mbele yetu siku zote. Septemba tukampigia mzee simu: Bobi anaendeleaje, na je, anaweza kumpokea mwingine ambaye si wa ulinzi, si wa kushikwa, wa kumfuata Bobi tu? Kimya kikawa kirefu. "Yule mwenye adabu?" akauliza. Nikamwambia ndiyo, yule.

Alikwenda kwa pikapu ya jirani, ndani ya sanduku, shuka juu. Wiki mbili za kwanza alikaa nyuma ya ghala la mahindi, akitoka usiku tu. Nilimfundisha mzee mambo ya kigoda na ubavu, akanisikiliza kwa uso wa mtu anayemsikiliza mjukuu.

Novemba, mvua za kwanza, alinipigia. Radi ilikuwa imepiga karibu usiku uliopita. Sijali aliingia jikoni mwenyewe, akapita karibu na moto, akalala nyuma ya Bobi.

"Na wewe ulikuwa wapi, mzee?"

"Nilikuwa hapohapo kwenye kigoda. Sikugeuka."

Nikamuuliza kama amewahi kumgusa. Akasema bado, kisha akataka kujua kama naweza kumtumia usipa kwa mtu anayekwenda huko, maana kwenye mnada wa kwao umepanda bei na yeye sasa anatumia vikombe viwili kwa wiki.